Mama, mbona sikusikii?

Jana usiku nilimkuta mwanangu kitandani na simu yangu, ameifungulia sauti hadi mwisho, anarudia video moja tena na tena. Nilidhani ni katuni. Nilipochungulia nikaona uwanja wa Kasarani, viti vitupu juu hadi chini, na vijana wanakimbia. Fainali ya mita 800 wanaume, mashindano ya riadha ya dunia ya chipukizi wa chini ya miaka 20, Nairobi, Agosti 2021.

"Unatafuta nini humo?"

"Nakutafuta wewe. Babu anasema ulipiga vigelegele peke yako, uwanja mzima. Mama, mbona sikusikii?"

Nikamwambia azime simu alale, kesho kuna shule. Alilala. Mimi ndiye niliyekesha.

Wengi wenu mmepita kwa Baba pale barabara ya Mwiki, mkamkuta ameinamia kiatu cha mtu, uzi mdomoni. Basi mnajua kwamba yeye haangalii mashindano, huyasikiliza. Mwaka wa 2017, wale wa chini ya miaka 18 walipokuja Kasarani, hakutia mguu uwanjani hata siku moja. Siku ya mwisho, Julai 16, watu walifurika mle ndani hadi pa kukanyaga pakakosekana, na kelele zikaruka ukuta zikamfikia kibandani. Hakuwa na redio. Anasema alijua kila mara Mkenya alipokuwa mbele na kila mara alipopitwa, kwa sababu sauti ya umati hupanda, hukaa juu kidogo, kisha ama hulipuka ama hushuka kama maji ya beseni yaliyomwagwa. Alinisimulia mbio ambazo mimi nilikuwa nimeziona kwa macho, na alikuwa sahihi.

Kwa hiyo nilipopata nafasi ya kujitolea mwaka wa 2021, alifurahi kuliko mimi.

"Mama," akaniambia. Ananiita hivyo kwa kuwa nina jina la mamake. "Wewe utakuwa ndani, mimi nitakuwa nje. Nikisikia, nitajua."

"Baba, hawaruhusu mashabiki. Ni kwa ajili ya corona."

"Mkenya akishinda nyumbani, watapiga kelele hata mawe."

Sikubishana naye. Mashindano yenyewe yalikuwa yafanyike Julai 2020, yakasogezwa mwaka mzima, na hata yalipofika, nchi kadhaa hazikuleta timu, Marekani na Uingereza zikiwemo. Sisi tulipimwa, tukapewa barakoa na sanitaiza, tukagawiwa kazi. Yangu ilikuwa vikapu. Mkimbiaji akifika kwenye mstari anavua traksuti na raba, anaviweka kwenye kikapu cha plastiki chenye namba ya njia yake, nami nakibeba hadi upande wa pili wa utepe ili avikute akimaliza. Msimamizi wetu alitusomea sheria mara tatu: usimguse mwanariadha, usimsemeshe, usishangilie. Mtu wa kikapu hana nchi. Nilikubali, na hadi leo naona alikuwa na haki, maana yule kijana anayevua viatu mbele yako anatetemeka, na hastahili kuona mtoaji huduma akimwombea mwenzake ushindi.

Siku zilienda mbio. Nilimwona Heristone Wanyonyi akishinda mita 10,000 za kutembea kwa kasi, mchezo ambao kwetu watoto huuigiza kwa kucheka. Jumamosi Christine Mboma wa Namibia alikimbia mita 200 kwa sekunde 21.84, nami nikasahau kupumua ndani ya barakoa. Jioni nilikuwa nikipita kibandani, na Baba akiniuliza, "Leo vipi? Mbona sikusikia kitu?" Nikimweleza, anatikisa kichwa. "Ngoja Jumapili," anasema.

Jumapili ilikuwa Agosti 22. Ilikuwa baridi ile ya Agosti ya Nairobi inayoingia kwenye vidole. Fainali ya mita 800 ilipoitwa, nilipewa njia moja ambayo sitaitaja, ya kijana aliyetoka mbali na ambaye hakupata medali. Alivua raba zake akazipanga kikapuni vizuri, visigino pamoja, kama mtu anayeacha viatu mlangoni mwa nyumba ya wenyewe. Soli ya kulia ilikuwa imeachia upande wa nje na ikashonwa kwa mkono, uzi mnene wa kahawia, mishono mikubwa iliyopishana. Mtoto wa fundi viatu huona vitu hivyo. Nilijua kuna Baba mwingine mahali fulani, ameinamia kiatu hiki.

Mbio za mita 800 huanzia karibu na pale zinapoishia, kwa hiyo hatukuwa na mbali pa kubeba. Nikasimama na kikapu changu, bastola ikalia.

Sasa nisikilizeni. Si kwamba palikuwa kimya kabisa. Mtangazaji alikuwa kwenye spika, na huku na kule wenzao wa timu, waliotawanyika vitini, walipaza sauti. Lakini uwanja ule wakati huo ulibeba watu kama 60,000, na sauti za watu wachache mle ndani ni kama punje ya mahindi kwenye debe. Walipopita mbele yangu mzunguko wa kwanza, kengele ikagongwa, nikasikia kitu ambacho sijawahi kukisikia Kasarani. Nilisikia viatu. Chwa, chwa, chwa, misumari inauma tartani na kuachia, miguu ya vijana wanane, haikupatana halafu ghafla inapatana kwa hatua mbili tatu, halafu inaachana tena. Nilisikia mmoja wao akikohoa. Nilisikia fulana ikipigapiga kifua cha mtu. Mwaka wa 2017 nilikaa karibu na pale pale na sikusikia lolote kati ya hayo. Yote yalimezwa na sisi.

Wakapotelea upande wa pili. Kule walikuwa wadogo, na hawakuwa na sauti kabisa, kama video iliyozimwa. Kona ya mwisho ikawarudisha. Mbele alikuwa Emmanuel Wanyonyi, ametimiza miaka 17 mwezi uleule, kijana aliyewahi kuacha shule akachunga ng'ombe za watu. Aliingia kwenye mita mia za mwisho na nyuma yake nafasi ikawa inaongezeka. Sikuona uso wake kwanza, nilisikia pumzi zake. Zilikuwa nzito na zenye mpangilio, kama mtu anayepasua kuni, na kila moja ilinikaribia. Nyuma, Mkenya mwingine, Noah Kibet, anasukuma.

Kigelegele kilinipanda. Mwanamke yeyote aliyelelewa kwetu anajua kinapoanzia, chini ya ulimi, na ulimi wenyewe huanza kabla hujaamua. Nilikuwa na barakoa. Nilikuwa na kikapu chenye raba zilizoshonwa, cha mtoto ambaye alikuwa bado yuko nyuma anahangaika. Na ng'ambo ya ukuta, upande wa Mwiki, nilijua kuna mzee amesimamisha sindano, amegeuza sikio.

Nilinyamaza.

Wanyonyi akapita. Saa ikasimama kwenye 1:43.76, rekodi ya mashindano. Ile ya zamani, 1:43.79, Nijel Amos wa Botswana aliiweka Barcelona mwaka wa 2012. Kibet akaingia wa pili. Dhahabu na fedha, nyumbani kwetu, na kilichosikika ni makofi ya hapa na pale, yakakoma. Kijana wangu akafika, akainama, akashika magoti. Nilimsogezea kikapu. Alivaa raba zake bila kufungua kamba, akaniangalia, akasema "Thank you," akaenda.

Jioni hiyo Kenya ilimaliza ya kwanza kwenye jedwali, medali 16, dhahabu 8 ndani yake. Nilipofika kibandani Baba alikuwa ameshafunga vitu vyake kwenye gunia. Yeye hafungi mapema.

"Pole, mama," akaniambia. "Hata hivyo ni watoto. Watajaribu tena."

Sikumwelewa.

"Nilingoja," akasema. "Sikusikia chochote. Nikajua tumeshindwa yote."

Nikamwambia. Nikamtajia mbio moja baada ya nyingine, na ile ya 800 nikamsimulia kwa mikono, wa kwanza na wa pili. Alikaa juu ya gunia. Uso wake ulifurahi, lakini ulifurahi kama wa mtu aliyeambiwa harusi imepita. Kisha akauliza, taratibu sana, "Na hakuna hata mtu mmoja aliyempigia mtoto wa watu kelele?"

"Mimi nilipiga, Baba," nikasema. "Nilipiga vigelegele."

Akanishika mkono. Akasema, "Asante, mama." Mara mbili.

Tangu siku hiyo kila mteja anayekaa kwenye benchi lake ameisikia. Paris 2024, Wanyonyi alipochukua dhahabu ya Olimpiki kwa 1:41.19, Baba aliwaambia majirani kwamba wa kwanza kumshangilia yule kijana ni binti yake. Agosti 2025, Harambee Stars, timu yetu ya taifa ya soka, walipoifunga Morocco pale Kasarani kwenye CHAN, kombe la Afrika la wachezaji wa ligi za nyumbani, na kelele zikafika tena hadi kibandani, alinipigia simu katikati ya mechi, akashika simu juu nisikie. "Sasa wewe si peke yako," akasema.

Nimewaza mara nyingi kumweleza. Kila nikikaribia namwona amekaa juu ya lile gunia. Sheria niliishika, na ningeishika tena, nadhani. Lakini kuna mtoto alikimbia mbio bora za maisha yake kufikia siku ile, mbele ya mtu mzima mwenye sauti, na sauti ile ikabaki mdomoni.

Leo asubuhi mwanangu aliamka kabla yangu. Nilimkuta jikoni, chai inapoa, simu iko sikioni. Ameshajua sekunde yenyewe. Mahali Wanyonyi anapofika kwenye utepe kuna sauti nyembamba kwa mbali, labda filimbi ya mwenzake wa timu, labda upepo kwenye kipaza sauti.

"Hapa," akaniambia. "Mama, ni wewe hapa?"

Akairudisha nyuma, akanisogezea nami nisikilize.