Nusu toni iliyoninyima usingizi

Gitaa langu ni jeusi, lina pembe mbili kama ng'ombe wa Ankole, na kwenye bendi yetu ya arusi hapa Kampala hakuna asiyelicheka. "Hilo ni la roki, sisi tunapiga sebene." Nililinunua mtumba kwa jamaa aliyekuwa anahama, nikaangalia rangi, nikaangalia bei; daraja, kile chuma kinachoshika nyuzi upande wa mwilini, sikuliangalia.

Daraja lenyewe ni Floyd Rose, lile ambalo mvumbuzi wake Mmarekani alipata hataza mwaka 1979. Halikukazwa mwilini. Limeegemea skrubu mbili tu. Nyuzi sita zinalivuta kuelekea shingoni, na springi zilizofichwa mgongoni mwa gitaa zinalivuta kinyume chake. Likiwa sawa, linaelea katikati kama kitambaa kwenye mchezo wa kuvuta kamba wakati timu zote mbili zimekaza meno. Mwongeze mtu mmoja upande wowote uone.

Sasa, bendi yetu huongea Kiswahili. Mimi nimekulia kambi ya jeshi ya Mbuya, mpiga besi ametoka Bunia, Kongo, mwimbaji wetu ni dada wa Arua. (Kwenye teksi tukianza kuongea, watu hunyamaza wakidhani sisi ni maafande, maana hapa Kiswahili huonekana lugha ya askari. Faida yake ni kwamba kondakta hatuzungushi kwenye chenji.) Jumatano moja baada ya mazoezi dada akaniambia, "Kaka, nyimbo hizi zinanikaba koo. Tushushe nusu toni." Nikamjibu hakuna shida.

Nyuzi zangu zilikuwa namba 9, yaani uzi mwembamba kuliko wote una unene wa elfu tisa za inchi (0.009). Nyuzi nyembamba ukizishusha hulegea, na mimi nina mkono mzito: nikibonyeza kwa nguvu, noti inapanda yenyewe. Kwa hiyo nikanunua namba 10 mjini. Ukizitazama huoni tofauti. Uzi wa kwanza unatoka milimita 0.23 kwenda 0.25, wa sita kutoka 1.07 hadi 1.17. Nikajiambia, unywele tu huo.

Alhamisi usiku nikakata nyuzi zote sita kwa mkupuo. Kwa gitaa la kawaida hiyo si dhambi. Kwa hili, springi zilibaki bila mpinzani, daraja likazama tumboni kwa kishindo, kidogo lining'ate kidole. Nikafunga nyuzi mpya, nikaanza kutyuni. Uzi wa sita ukakaa sawa. Nikaja wa tano. Nilipoumaliza, wa sita ulikuwa umeshuka. Nikarudi wa sita, wa tano ukashuka. Kila uzi unaokazwa unalivuta daraja mbele, na daraja likisogea mbele, wenzake wote wanalegea. Saa saba za usiku nyuzi zilikuwa mahali pake, lakini daraja lilikuwa limenyanyua mkia kama jogoo, na nyuzi ziko juu ya shingo kiasi cha kupitisha penseli chini yake. Halafu umeme ukakatika.

Asubuhi nikalibeba gitaa kwenye boda mpaka kwa mzee anayetupigia ridhimu. Alilitazama, akanitazama mimi. "Mwanangu, umekata zote?"

"Ndiyo, mzee."

"Pole."

Hakugusa uzi hata mmoja. Alikunja boksi la dawa ya meno, akalishindilia chini ya mkia wa daraja mpaka likakaa sambamba na mwili wa gitaa, kisha akaniambia nityuni, naye analishikilia daraja kwa kiganja. Likiwa limezuiwa hivyo haliendi mbele wala nyuma, na gitaa linatyuniwa kama la mtu yeyote. Tulipofika noti zote, akaachia kiganja. Mkia ukanyanyuka, boksi likaanguka. Maana yake nyuzi zimeishinda springi.

Hapo ndipo nilipofungua kifuniko cha mgongo. Mle ndani kuna kibao cha chuma kilichoshika springi, nacho kimefungwa kwenye mbao kwa skrubu mbili ndefu. Nilizikaza nusu mzunguko kwa zamu, hii kisha ile, nikityuni upya kila mara, mpaka daraja likalala sawa. Jumla ilikuwa mizunguko miwili na nusu. Zingegoma kuingia, ningeongeza springi ya nne. Nikavutavuta nyuzi ili zimalize kulegea, nikaweka vile vitufe vidogo vya kutyunia vya kwenye daraja katikati ya safari yao, ndipo nikakaza vibano vya shingoni vinavyofunga nyuzi zisiteleze. Vibano navyo hupandisha noti kidogo, na vitufe hivyo viko pale kurekebisha jambo hilo hilo. Usivikaze vibano mapema. Mimi nilivikaza mapema, nikarudia.

Arusi ilikwenda vizuri. Dada aliimba, koo halikukabwa.

Baadaye nilikaa na viwango vya mvuto ambavyo watengenezaji wa nyuzi huvichapisha, nikapiga hesabu. Kwenye gitaa ambalo nyuzi zake, toka mwanzo wa shingo hadi darajani, zina urefu wa kawaida wa inchi 25.5, seti ya namba 9 ikiwa E, yaani utyuni wa kawaida wa gitaa, huvuta jumla ya kilo 38 na ushee. Namba 10 kwa E ile ile ni kama kilo 47. Ukishusha nusu toni inabaki kama 42, yaani bado nilikuwa nimeziongezea springi zaidi ya kilo tatu. Lakini ukiishusha namba 10 toni nzima, hadi D, inarudi kwenye kilo 37, karibu sawa na pale nilipoanzia. Yaani dada angeomba toni nzima tangu mwanzo, bisibisi ingebaki karibu bila kazi.

Miezi miwili imepita. Juzi kwenye mazoezi amenisogelea huku anajipepea na daftari la nyimbo. "Kaka, samahani, tushuke kidogo tena. Tuishie D."

Nimelaza gitaa kifudifudi, boksi la dawa ya meno liko chini ya daraja, na nazilegeza zile skrubu. Mpaka sasa nimefika mizunguko miwili.