Shingo ya gitaa na pasi ya mama

Gitaa langu la umeme lilianguka barazani kwetu Kikwajuni, likajigonga ukingoni. Shingo ikabonyea pahala pawili, nyuma, palepale kidole gumba kinapopita. Kila nikicheza nasikia kishimo. Kero tupu!

Mbao iliyobonyea haijapotea, nyuzinyuzi zake zimegandamizwa tu. Zikipata mvuke hufura zikarudi. Ila vanishi haipitishi maji, kwa hivyo nikaikwangua kwanza. Nikaweka kitambaa kibichi, nikagusa kwa ncha ya pasi sekunde chache, nikainua, nikarudia. Mara ya nne kishimo kimoja kikatoweka. Cha pili nyuzinyuzi zake za mbao zilikatika, kimebaki kidogo, nami nimekiacha. (Mama kaikuta pasi yake ina madoa. Tuyaache hayo.)

Masika haya mbao haikauki upesi. Nilingoja siku mbili ndipo nikapiga msasa, namba 320, kisha 400, mwisho 600 ulio laini zaidi, kwa kufuata mkondo wa mbao. Vanishi mpya sikuitaka, mkono ukitoka jasho inanata. Nikapaka mafuta ya kitani yaliyochemshwa, mara tatu, kila mara tabaka jembamba. Matambara niliyopakia mafuta nikayaanika uani yamekunjuliwa, maana yakirundikwa hupata joto yenyewe mpaka yakawaka moto.