Albamu yangu ya kwanza bila lebo: ile tik kati ya wimbo wa 4 na wa 5 imeondoka

Imeondoka. Saa 8:40 usiku, hedifoni masikioni, macho nimeyafumba, nimesikiliza mwisho wa wimbo wa 4 ukiingia kwenye wa 5 mara 15 mfululizo, na hakuna tik, ule mlio mfupi wa kukatika. Ipo pumzi yangu tu, ile ninayoivuta mwisho wa kiitikio na kuiachia kwenye neno la kwanza la wimbo unaofuata. Machozi yamenitoka. Siku 19 nimekuwa nikiisaka. Siku 3 kati ya hizo nilikuwa nimekata tamaa kabisa, na kwenye daftari nilishaandika: "Weka ukimya wa sekunde 2, tuendelee."

Hali ya kazi kwa jumla: nyimbo 11, dakika 38, kurekodi na miksi vimekwisha, zimebaki sauti za nyuma za wimbo wa 9 tu. Masta, yaani rekodi za mwisho zenyewe, ni mali yangu. ISRC (namba za utambulisho wa rekodi) za nyimbo zote ziko kwenye daftari hilohilo, herufi na tarakimu 12 kila moja, na kila nikizitazama najisikia vizuri. Kule nilikokuwa zamani nilikuwa naziona kwenye karatasi za watu wengine.

Sasa hicho kiungo. Wimbo wa 4 ni wa hasira: ngoma nzito, sauti zangu 12 zimepandanishwa kwenye kiitikio, halafu kila kitu kinakatika ghafla na inabaki pumzi. Wa 5 ni kinanda na sauti moja, basi. Pumzi inayoziunganisha ni moja. Niliirekodi kwa mkupuo mmoja, nimesimama, maiki ya SM58 mkononi, kwa sababu nilitaka isikike kama mtu aliyetoka kugombana sasa hivi na bado hajui aseme nini. Mpaka wa nyimbo hizo mbili nimeuweka katikati ya pumzi hiyo. Anayecheza wa 4 peke yake anaachwa na mtu anayevuta hewa; anayecheza wa 5 peke yake anamkuta mtu ambaye tayari yuko karibu kusema. Lebo niliyokuwa nayo isingekubali hata siku moja. Niliwahi kuambiwa, tena kwa maandishi, kwamba nyimbo zinazoshikana haziuziki mojamoja. Raye, mwimbaji wa Uingereza, alipoachana na lebo yake na kutoa albamu yake ya kwanza kwa njia yake mwenyewe, Februari 2023, nilikaa na habari ile kwa wiki nzima. Kiungo hiki nilikuwa nimeshakitunga wakati huo, kimelala kwenye simu.

Tatizo ni kwamba katikati ya pumzi hakuna pa kujificha. Kungekuwa na ngoma pale, au hata besi, hakuna sikio ambalo lingegundua chochote. Kwenye pumzi hata kasoro ya nusu milisekunde inasikika kama ukucha uliogonga kioo. Tik.

Siku 4 za kwanza nililaumu mdomo wangu. Waimbaji mnajua ule mlio wa mate unaponasa ulimi. Nikaikuza ile pumzi, nikaisafisha, nikarekodi nyingine 6, na hakuna hata moja iliyokuwa na ule uchovu wa ya kwanza. Kumbe ndani ya Reaper, programu ninayorekodia, mradi ukiwa mzima, tik haikuwepo kabisa. Ilikuwa inazaliwa kwenye faili zilizokatwa, na mimi faili hizo ndizo nilizokuwa nasikiliza kwenye simu. Siku 4!

Baada ya hapo nikashika mwangwi. Nilikuwa natoa kila wimbo kivyake, kwa hiyo mkia wa mwangwi wa wimbo wa 4 ulikuwa unafia mpakani. Wa 5 ukianza, chumba kilikuwa kimekauka ghafla. Hata limita, ile inayozuia sauti isizidi kiwango, ilikuwa inaanza upya pale, haijui kilichotangulia. Nikatoa albamu nzima kama faili moja ya dakika 38, kisha nikaikata. Mkia ukavuka salama. Tik ikapungua, lakini ikabaki, na nadhani ilipokuwa ndogo ndipo iliponikera zaidi.

Katikati ya hayo nilimpelekea faili fundi wa masta. Zilirudi zina nguvu na zinang'aa, ila kila wimbo ukiwa na nusu sekunde ya ukimya mwishoni.

"Dada, kila wimbo lazima upewe nafasi ya kupumua," akaniandikia.

"Kaka, huo tayari unapumua, na pumzi yenyewe umeigawa mara mbili," nikamjibu.

Akaondoa ukimya, akaweka kufifisha kwa milisekunde 5 kila upande. Dawa hiyohiyo ndiyo utakayopewa na kila mtu ukiuliza, na kwa nyimbo za kawaida inafanya kazi. Hapa ilikuwa kama mtu amemeza kitu katikati ya pumzi. Nikamshukuru, nikamlipa alichostahili, nikaamua kumasta mwenyewe. Sijutii, ingawa limenigharimu usingizi mwingi.

Usiku wa 17 ndipo nilipoacha kusikiliza na kuanza kutazama. Kwa kazi hii naipenda Audacity kuliko programu zote: unakuza mpaka wimbi linageuka kuwa nukta mojamoja, kila sampuli inaonekana, hakuna kinachoremba picha. Nikapanga faili mbili moja baada ya nyingine, nikakuza mpaka. Upande wa kushoto mstari wa pumzi ulikuwa umetulia, kisha sampuli chache kabla ya kukatika ukaanza kutetemeka, viwimbi vidogo vinavyokua kadiri vinavyokaribia ukingo. Upande wa kulia kitu kilekile kimegeuzwa: mtetemeko mkubwa mwanzoni, unaopungua hadi kutulia. Mimi sikuimba vile viwimbi. Kwenye faili ndefu havimo.

Kilichokuwa kinatokea ni hiki. Mradi wangu uko kwenye kilohezi 48, yaani sampuli 48,000 kwa sekunde. Faili za mwisho nazitaka 44.1, kwa sababu hizohizo ndizo zitakazokwenda kwenye CD. Nilikuwa naikata albamu kwanza, halafu navipitisha vipande 11 kwenye kigeuzi cha kilohezi kwa pamoja. Sasa filta ya kigeuzi haitazami sampuli moja tu: kwa kila sampuli mpya inayoitengeneza, inapima zilizotangulia na zinazofuata. Ikifika ukingoni mwa faili, haikuti zinazofuata. Inakuta sifuri. Yenyewe inaamini kwamba pumzi imekatwa kwa kisu pale, na inakitafsiri kile kisu kwa uaminifu wote, kwa mtetemeko. Wimbo wa 5 nao unaanza kwa kisu kilekile. Ukizibandika, makovu mawili yanakutana. Tik.

Nilisimama, nikazunguka chumba mara mbili, nikarudi kukaa.

Kwa hiyo dawa ni kubadili mpangilio tu: geuza faili ndefu kwanza, shusha biti kutoka 24 hadi 16 na uweke ditha (kelele hafifu inayoficha makosa ya kushusha biti) mara moja tu kwa albamu nzima, kisha ukate mwishoni kabisa, bila kugusa chochote baada ya hapo. Ila ukikata, usikate popote. CD inahesabu muda kwa fremu 75 kwa sekunde, na kila fremu ina sampuli 588. Wimbo hauwezi kuanzia katikati ya fremu. Mpaka wako ukianguka sampuli ya 300, programu ya kuchoma itajaza sifuri mpaka fremu itimie, na hapo umeshajitengenezea shimo la milisekunde kadhaa kwa mikono yako. Audacity ina kipimo cha muda kinachohesabu kwa fremu za CD, ukikiwasha mshale unanasa penyewe. Raha zaidi ni kwamba fremu hiyohiyo kwenye kilohezi 48 ni sampuli 640 kamili, bila desimali. Kwa hiyo niliweza kurudi kwenye mradi na kuisogeza alama ya mpaka, chini ya fremu moja, hadi mahali ambapo pumzi iko chini kabisa na pia fremu inatimia. Nilipoona vitu hivyo viwili vinakubaliana nilipiga meza.

Uthibitisho, kwa sababu masikio yangu saa 8 usiku siyaamini: nimezibandika faili 11 upya kwenye mradi mtupu, chini yake nimeweka ile ndefu isiyokatwa, nikaigeuza moja juu chini, nikazipiga pamoja. Zikilingana zinafutana. Zimefutana zote. Mita haikupanda hata kidogo kwa dakika 38, nami nilikaa nikaitazama dakika zote 38, sikuthubutu hata kwenda kuchukua maji.

Kitu kimoja kuhusu vifaa, maana nimekisimamia kwa ubishi mrefu na rafiki: usisake kasoro za namna hii kwa hedifoni zisizo na waya. Bluetooth inabana sauti upya njiani, na kasoro ndogo inaweza kulainishwa au ikazuka nyingine isiyo yako. Waya. Na SM58 siibadilishi kwa pumzi ile. Ninayo maiki ya kondensa, ni nzuri sana kwa sauti za juu, lakini ilisikia kila kitu ndani ya chumba, na pumzi ile ilihitaji maiki unayoweza kuikumbatia.

Ambacho hakimo mikononi mwangu ni kubanwa kwa faili huko mbele. MP3 inafanya kazi kwa mafungu ya sampuli 1152, AAC kwa 1024, na programu inayobana huongeza ukimya mwanzoni na mwishoni ili mafungu yatimie. Kichezaji kinatakiwa kuambiwa kiasi gani cha kutupa. Nimejaribu vichezaji viwili. Kimoja kimevuka mpaka bila kovu, cha pili kimeacha pengo dogo. Lile pengo nimelikubali. Pengo la kichezaji si langu, ila tik ilikuwa yangu. Kuhusu ukubwa wa sauti nilikuwa na hofu pia, maana wa 4 unapiga kelele na wa 5 unanong'ona. Lakini Spotify, mtu akicheza albamu kwa mpangilio wake, inasogeza albamu nzima kwa kipimo kimoja badala ya wimbo kwa wimbo, kwa hiyo mteremko ule utabaki kama nilivyouimba.

Mpango wa leo ulikuwa kumaliza sauti za nyuma za wimbo wa 9 na kukata kava iwe pikseli 3000 kwa 3000. Sijagusa hata kimoja. Maana nilipokuwa nasikiliza kwa mara ya mwisho, nikiwa nimeacha kichezaji kirudie, wimbo wa 11 uliisha na wa 1 ukaanza, na nikashtuka. Wa 11 unatua kwenye F. Wa 1 unaanzia D maina. Noti zilezile, nyumba ileile, mlango mwingine tu. Albamu inataka kujifunga yenyewe, na mimi nilikuwa nimeweka mwisho unaofifia kwa sekunde 9 kama vile hakuna kinachofuata!

Nikachukua kalamu. Wa 11 unakwenda mapigo 72 kwa dakika, wa 1 mapigo 96. Tatu kwa nne. Mapigo 3 ya wimbo wa mwisho yana urefu uleule wa mapigo 4 ya wimbo wa kwanza, sekunde 2.5. Naweza kumaliza kwa kugonga kifua changu mapigo ya taratibu, na msikilizaji akirudishwa mwanzo akute ngoma inakamata palepale. Sekunde 2.5 ni fremu 187 na nusu, na hiyo nusu siitaki. Mapigo 6 ni sekunde 5, fremu 375 kamili. Kwa hiyo mapigo 6. Kwenye CD kitanzi hakitafungika vizuri, kwa sababu leza lazima isafiri kurudi mwanzo, lakini kwenye faili inawezekana, na kwa kuwa faili ni zilezile, sheria ya 588 inabaki palepale.

Najua maana yake. Mwisho wa wimbo wa 11 utarekodiwa upya, faili ndefu itatolewa upya, itageuzwa upya, itakatwa upya, na mita nitaitazama tena dakika 38. Tarehe ya kutoka nimeshaisogeza Ijumaa moja mbele, na hakuna mtu wa kumwomba ruhusa, hilo peke yake limenipa nguvu ya kubaki macho. Kava itasubiri. Wa 9 utasubiri.

Feni nimeizima, maiki nimeishusha usawa wa kifua, metronomu iko kwenye 72. Nimevaa fulana ya pamba kwa sababu ile ya nailoni inachakacha mkono ukigusa. Narekodi mapigo 6 sasa.