Nimebadilisha valvu, sauti imerudi
EL34, valvu za kutoa nguvu kwenye amplifaya yangu ya muziki, zilikuwa zimechoka: besi imelegea, spika ya kushoto inanguruma. Nimenunua nne zilizolinganishwa, maana mikondo ya jozi ikipishana, transfoma ya kutolea sauti huteseka.

Kazi yenyewe ni bayasi, yaani kupanga mkondo unaopita kwenye valvu muziki ukiwa kimya. Anodi ina volti 430, valvu inahimili wati 25. Nalenga asilimia 70 ya hizo, ni wati 17.5, yaani kama miliampea 40. Nimeweka 38, napenda zidumu. Nikipima kwenye rizista ya omu 1 ya kathodi, milivolti 1 ni miliampea 1. Baada ya nusu saa miliampea zilikuwa zimepanda, nikarekebisha tena taratibu. Jamani, kapasita hutunza chaji, zinaua hata umeme ukizimwa, mkono mmoja uwe mfukoni!

Sasa mwimbaji anasikika katikati kabisa, hadi pumzi zake.