Hakuniambia Njoo Kesho

Bwana asifiwe, wapendwa.

Juma hili tumemzika mkulima. Wasifu wake ulisomwa kwa dakika chache: alizaliwa, akabatizwa, akaoa, akajaliwa watoto, akaugua, akalala. Katikati likawekwa neno "mchapakazi", kana kwamba maisha mazima ya jembe yanaenea humo. Simlaumu aliyeuandika, wasifu wote huwa hivyo. Lakini ndugu, majirani na viongozi wa kanisa walipokwisha kusema ya kwao, alisimama mtu ambaye hakuwa kwenye ratiba. Ni kibarua aliyemlimia marehemu misimu mingi. Hakuwa na hotuba. Alisema, "Mzee huyu hakuniambia hata siku moja njoo kesho," akaketi.

Aliyewahi kufanya kibarua anajua uzito wa maneno hayo. Jua limezama, mgongo unauma, nyumbani wanakutazamia wewe, na mwenye shamba anajipapasa mifuko huku akiangalia pembeni. Njoo kesho. Ukija kesho, unaambiwa ametoka.

Nikarudi nyumbani nikafungua Walawi 19. Mstari wa 13 unakataza ujira wa mtu wa kazi kulala kwako mpaka asubuhi. Panda juu mistari minne tu, mpaka wa 9, utakuta amri nyingine ya shambani: unapovuna, usizimalize pembe za shamba lako, wala usirudi kuokota masazo, waachie maskini na mgeni. Amri hizi mbili ni majirani. Katika Kumbukumbu la Torati 24 zimewekwa tena pamoja, na pale sababu ya kulipa kabla jua halijachwa inatajwa waziwazi: huyo ni maskini, na moyo wake unautegemea ujira huo. Mungu anazungumzia moyo wa kibarua saa kumi na mbili jioni! Mimi hunishangaza hilo kuliko miujiza mingi.

Tena angalieni, Torati haikutaja kipimo cha hizo pembe. Haikusema hatua tano wala kumi. Mkulima alijipimia mwenyewe, na kwa kipimo hicho ungeweza kumjua ni mtu wa namna gani kabla hujaonana naye.

Ndipo tunapokutana na Boazi. Kitabu cha Ruthu kinamleta shambani siku ya mavuno ya shayiri, na neno lake la kwanza kabisa ni salamu kwa wavunaji: anawatakia Bwana awe pamoja nao. Nao wanamwitikia kwa baraka (Ruthu 2:4). Hapo husomwa haraka, kwa sababu wote tuna hamu ya kufika kwa Ruthu. Lakini mjue kwamba watu wa kazi hawambariki tajiri wao kwa sababu tu amewasalimu. Mwitikio ule ulianza siku nyingi kabla, kwenye malipo, kwenye maji ya kunywa, kwenye namna alivyosema na mtu aliyekosea. Halafu akamwona Ruthu huyo, mgeni, mjane kutoka Moabu, akauliza habari zake. Wakati wa kula akamkaribisha, akampa bisi kwa mkono wake mwenyewe. Aliponyanyuka kwenda kuokota, Boazi akawaagiza vijana wamchomolee masuke kutoka kwenye matita na kuyaacha chini makusudi, wala wasimkemee. Jioni Ruthu alipopura alichookota akapata kama efa moja, takriban lita 22, yaani debe moja na ziada kidogo. Kwa muokotaji wa siku moja, hiyo ni zaidi ya pembe ya shamba. Na aliokota hivyo mpaka shayiri ikaisha na ngano ikaisha.

Hatuambiwi Boazi alijifunzia wapi. Mathayo 1:5 inadokeza kwamba mama yake ni Rahabu, yule wa Yeriko. Kama ulilelewa na mama aliyeingia katika taifa la Israeli akiwa mgeni, nadhani huhitaji kuhubiriwa sana juu ya mgeni.

Lakini katika sura ya 4 yupo mkulima mwingine, na yeye ndiye ananikosesha usingizi. Alikuwa jamaa wa karibu kuliko Boazi, mwenye haki ya kwanza ya kukomboa shamba la Elimeleki, baba mkwe wa Ruthu aliyekuwa amefariki. Aliposikia habari za shamba alikubali mara moja. Aliposikia kwamba pamoja na shamba kuna Ruthu, yule mjane, na kwamba jina la mumewe marehemu lazima lisimamishwe juu ya urithi ule, akarudi nyuma: asije akauharibu urithi wake mwenyewe. Hakuiba, hakudhulumu. Alipiga hesabu tu. Na jina lake hatulijui. Boazi alipomwita akae, Kiebrania kinasema "peloni almoni", ambayo kwetu ni kama fulani bin fulani. Yeye alilinda jina lake likapotea, na Boazi aliyekubali shamba liitwe kwa jina la Mahloni, mume huyo wa Ruthu, ndiye tunayemsoma katika ukoo wa Daudi, na wa Yesu.

Nisiwafiche, mzee wetu hakuwa Boazi katika kila jambo. Binti yake alisema kwa uaminifu, na nilimshukuru kwa hilo, maana mazishini huwa tunapaka rangi mno. Alisema walipokuwa wadogo walimwogopa. Baba alirudi kutoka shambani kimya, akaoga, akala, akalala. Walidhani ana hasira nao. Alipokuja kuwa na watoto wake mwenyewe na kazi yake ya kuchosha ndipo alipoelewa kwamba ule ulikuwa uchovu, na kwamba baba alichagua kuuleta nyumbani, kwao, jioni baada ya jioni, wakati wenzake waliupeleka kwingine.

Zaburi ya 128 inatoka shambani mpaka mezani. "Taabu ya mikono yako hakika utaila," inasema, kisha inaingia ndani ya nyumba: wanao kama miche ya mizeituni wakiizunguka meza yako. Mzeituni ukizeeka hutoa machipukizi kuzunguka shina lake, na hata shina likikatwa, mizizi ikiwa hai huchipua tena. Nilikuwa nyuma kidogo ya kaburi siku ile, nikawaona wanawe na wajukuu wamelizunguka, mmoja amemshika mama yao mkono, na zaburi ile ikanijia bila kuitwa.

Wakulima miongoni mwenu watanielewa nikisema hakuna anayekufa kazi yake ikiwa imekwisha. Katika Marko 4 Yesu anamtaja mtu anayemwaga mbegu, akalala na kuamka, usiku na mchana, nayo inaota na kukua, asivyojua yeye. Mzee amelala, na mbegu zake za msimu huu zimeshatoka ardhini. Nilipita pale jana. Mistari imenyooka kama alivyozoea, ila magugu yameanza kuwahi.

Mjane ameomba tumwombee, na tutafanya hivyo kwenye ibada ya katikati ya juma. Wanawe wamesema palizi inaanza Jumatatu alfajiri. Yule kibarua ameshawaambia atakuja, na siku hiyo hataki ujira. Wamemkatalia: atalipwa, na kabla jua halijazama. Mwenye nafasi aje na jembe lake.