Siku Moja Maishani Mwangu: Fundi wa Magitaa na Sauti Ndogo

Saa 12:30 asubuhi

Kabla sijagusa randa wala patasi, huitazama haigromita, kipimo cha unyevu wa hewa, iliyotundikwa karibu na rafu ya mbao. Leo inasoma asilimia 47, nami naridhika, kwa kuwa gitaa la mbao halisi linapenda hewa yenye unyevu wa asilimia 45 hadi 55. Hewa ikikauka mno ubao husinyaa na hatimaye kupasuka. Ikilowa mno ubao huvimba, nyuzi zikainuka juu ya shingo na sauti ikawa nzito. Anayenunua gitaa lililotengenezwa kwa mkono huchukua pamoja nalo wajibu wa kulichunga, na ndiyo maana kila gitaa linalotoka kwenye karakana hii hutoka na kipimo kidogo cha unyevu ndani ya kasha lake.

Saa 2:00 asubuhi

Mezani pana uso wa gitaa, ubao wa mbele wenye tundu la sauti, ambao bado haujaunganishwa na mbavu, yaani mbao za ubavuni. Ni vibao viwili vya sprusi, mti wa jamii ya misonobari, vilivyopasuliwa kutoka gogo moja na kufunuliwa kama kurasa za kitabu, ili mistari ya ukuaji wa mti ilingane kushoto na kulia. Upande wake wa ndani nimekwisha kugandisha mataruma, zile fito nyembamba zinazousaidia ubao kustahimili mvuto wa nyuzi, ambao kwa nyuzi za chuma za kawaida ni zaidi ya kilo 70 na kwa nyuzi za nailoni hukaribia kilo 40. Katika magitaa ya nyuzi za chuma mataruma makuu mawili hukatana kwa umbo la herufi X, mpangilio ambao mafundi wa Marekani waliuendeleza katika karne ya 19, wakati nyuzi zilikuwa bado za utumbo, na ambao ulikuja kuonyesha manufaa yake hasa pale nyuzi za chuma zilipoenea katika miaka ya 1920.

Hii ndiyo saa ninayoipenda kuliko zote. Naparua taruma kwa patasi, maranda membamba yanaanguka, kisha naushika uso kwa vidole viwili karibu na ukingo, nausogeza sikioni na kuugonga kwa kifundo cha kidole. Mwanzoni hujibu kwa sauti fupi na kavu. Nikizidi kupunguza, sauti inashuka, inapanuka na kudumu zaidi, mpaka ninafika mahali ambapo mkono wenyewe unaniambia nisimame. Kwa kuwa ukakamavu wa taruma hufuata kimo chake kwa kimo kwa kimo (kimo × kimo × kimo), ukikata sehemu moja tu ya kumi ya kimo, ukakamavu hupungua kwa zaidi ya robo, kwa hiyo mapito machache ya patasi yanatosha kuibadilisha tabia ya chombo kizima.

Hapo ndipo tofauti kati ya kazi ya mkono na kazi ya kiwandani ilipo, na nadhani watu wengi huitafuta mahali pengine, kwenye nakshi na mapambo. Hakuna mbao mbili za sprusi zilizo sawa, hata zikitoka mti mmoja. Kiwanda kinachotoa vyombo vingi kwa siku hulazimika kuchagua unene wa usalama ambao hata ubao dhaifu utaustahimili, na ubao ulio bora hubaki mnene kuliko ulivyohitaji. Vipo vyombo vizuri sana vya kiwandani, na wapo wapigaji mahiri ambao hawajawahi kuhitaji kingine. Lakini fundi anaweza kuusikiliza ubao mmoja mmoja na kuufikisha pale unapoanza kuitikia mguso mdogo kabisa. Mwitikio huo ndio ninaouuza.

Saa 4:00 asubuhi

Amefika dada mmoja ambaye amekuwa akipiga gitaa la kiwandani kwa miaka mingi na sasa anatafuta chombo cha kukaa nacho. Nimemwekea magitaa matatu kwenye vishikio: moja la mwili mkubwa na mabega mapana, lenye uso wa sprusi, la pili la mwili mdogo, lenye uso wa mwerezi mwekundu na mgongo wa mahogani, na la tatu la ukubwa wa kati, lenye uso wa sprusi na mgongo wa mpingo.

“Fundi, mimi nataka lenye sauti kubwa,” amesema hata kabla ya kuketi.

“Tutafika huko, dada. Keti kwanza, ujipigie unavyojipigia kila siku.”

Amelichukua lile kubwa na kulipiga kwa nguvu, nalo limejaza chumba. Karibu kila anayeingia hapa huanza hivyo, na karibu kila mara gitaa kubwa hushinda mzunguko wa kwanza, kwa sababu sikio likiwa na haraka huchukulia ukubwa wa sauti kuwa ndio uzuri wake. Nikamwomba afanye jambo la pili: apige uzi mmoja tu, kwa nyama ya kidole bila ukucha, kwa ulaini usiomwamsha mtoto aliyelala chumba cha pili, kisha aiache nota mpaka ifie yenyewe. Akarudia katika yote matatu.

Gitaa kubwa likanyamaza nusu. Nota ilitoka, lakini ilikuwa nyembamba, haina kiini, kwa kuwa uso wake mpana unahitaji kusukumwa ndipo uamke. Lile la mwerezi likajibu papo hapo, nota ikiwa ya mviringo na yenye joto tangu kidole kilipoachia uzi. Lile la mpingo lilijibu kwa nota safi iliyodumu kuliko zote. Nilimwona akiinamisha kichwa na kurudia nota ileile tena na tena, na kuanzia hapo hakuzungumzia tena ukubwa wa sauti.

Kutoka kwenye ulaini huo tukaingia kwenye mambo mengine, maana sauti ndogo hufichua mengi. Nimemwomba apande freti moja moja, vile vijiti vya chuma vilivyopangwa shingoni, katika kila uzi, akisikiliza kama kuna nota inayokufa mapema kuliko jirani zake au inayoruka ghafla kwa nguvu. Kila gitaa lina mahali fulani ambapo mwili wake wenyewe hutetemeka kwa urahisi zaidi, na nota inayoangukia hapo huvimba kisha kukatika. Jambo la kupima ni iwapo tofauti hiyo ni ndogo kiasi cha mpigaji kuizoea au inamkatiza katikati ya wimbo. Kisha nikalichukua gitaa mimi, nikampigia yeye akiwa ameketi mbele yangu, kwani mpigaji hukaa nyuma ya tundu la sauti na hasikii kile wanachosikia wengine. Nikamwomba pia anigeuzie mgongo, ili macho yasimchagulie.

Suala la mkono nalo lilichukua muda. Shingo za magitaa ya nailoni huwa na upana wa milimita 52 hivi pale nyuzi zinapoanzia, na zile za nyuzi za chuma huwa kati ya 43 na 45. Tofauti ya milimita moja inaonekana si kitu mpaka uwe umepiga kwa saa nzima na kidole gumba kimeanza kuuma. Nusu saa ndiyo kipimo changu: simruhusu mtu aamue kabla mkono wake haujachoka kidogo, kwa kuwa mkono uliochoka hauwezi kubembelezwa na sura ya chombo.

Amechagua la mwerezi. Nimemweleza wazi gharama ya uchaguzi huo: uso wa mwerezi hujibu upesi kwa mguso mwepesi, lakini ukipigwa kwa nguvu hufika kikomo chake mapema, na hapo sprusi huendelea kupanda. Kwa mtu anayepiga kwa vidole chumbani, kwa ajili ya watu wachache, nisingeweza kumpa ushauri mwingine. Angekuwa anapiga kwa kipande cha plastiki mbele ya umati, ningemrudisha kwenye lile kubwa bila kusita.

Saa 7:00 mchana

Nimegandisha daraja la gitaa jingine, kile kipande cha ubao usoni kinachoshikilia nyuzi, na kulibana. Halitaguswa mpaka kesho.

Saa 8:00 mchana

Limeletwa gitaa lililoachwa ndani ya gari lililofungwa juani. Gundi ya daraja imelegea, na upande wa nyuma naweza kupenyeza ukingo wa karatasi. Linatibika: daraja litang’olewa kwa moto mdogo, lisafishwe, ligandishwe upya. Mwenyewe alikuwa na wasiwasi zaidi kuhusu jambo jingine, kwamba nyuzi zikilinganishwa vizuri zikiwa wazi, bila kukandamizwa, nota za juu ya shingo hutoka zikiwa zimepanda kidogo kuliko zinavyopaswa, na akadhani freti zimewekwa vibaya. Nikapima mbele yake. Gitaa lenye urefu wa uzi wa milimita 650 lina freti ya kwanza milimita 36.5 hivi kutoka mwanzo wa shingo, maana urefu hugawanywa kwa 17.817, na kinachobaki hugawanywa tena hivyo hivyo mpaka freti ya 12 iangukie katikati kabisa, milimita 325. Freti zake zilikuwa sahihi. Shida ni kwamba kuukandamiza uzi ni kuuvuta, na uzi uliovutwa hupanda. Kwa hiyo mfupa wa daraja, ule ukingo mwembamba ambao nyuzi huegemea, husogezwa nyuma kwa takriban milimita mbili, zaidi kwa uzi mnene kuliko mwembamba. Katika gitaa hili mtu alikwisha kuubadilisha mfupa huo bila kuacha nafasi hiyo.

Kipimo hiki mnunuzi yeyote anaweza kukifanya mwenyewe. Gusa uzi kwa wepesi juu kabisa ya freti ya 12, upige, usikie ile nota ya kengele. Kisha kandamiza uzi papo hapo na upige tena. Nota mbili zisipolingana, uliza kwa nini kabla hujatoa fedha.

Saa 10:00 alasiri

Kijana mmoja amepiga simu akitaka gitaa la mpingo na hakuna kingine, kwa kuwa amesikia kwamba mpingo ndio bora. Ninaupenda mti huo. Ni mzito kiasi cha kuzama majini, na mgongo wa mpingo huirudisha sauti badala ya kuinywa. Hata hivyo nilimweleza habari za Antonio de Torres, fundi wa Uhispania aliyeishi kati ya 1817 na 1892 na ambaye gitaa la nailoni la leo bado linafuata vipimo vyake. Mwaka 1862 Torres alitengeneza gitaa ambalo mgongo na mbavu zake vilikuwa vya karatasi iliyogandishwa, uso peke yake ukiwa wa ubao mzuri, ili kuthibitisha kwamba sauti huzaliwa usoni. Gitaa hilo limehifadhiwa Barcelona hadi leo. Mgongo huongeza rangi ya sauti, nami siidharau rangi hiyo, lakini uso usiojibu mguso mwepesi hauokolewi na mgongo wa mti wowote.

Kuna pia upande wa sheria. Mpingo ni wa jenasi ya Dalbergia, ambayo spishi zake zote zimekuwa chini ya CITES, mkataba wa kimataifa wa biashara ya mimea na wanyama walio hatarini, tangu Januari 2017. Tangu Novemba 2019 vyombo vya muziki vilivyokamilika vimeondolewa katika masharti hayo, isipokuwa vile vya Dalbergia nigra ya Brazil, ambayo imelindwa kwa ukali zaidi tangu 1992. Anayenunua gitaa la zamani na kutaka kuvuka nalo mpaka aulize jina kamili la mti wake.

Saa 12:00 jioni

Nafunga nyuzi kwenye gitaa lililokamilika wiki hii. Saa za kwanza chombo kipya huwa kimejifunga. Uso haujazoea mzigo, nyuzi zinashuka kila dakika, na ninalazimika kulinganisha upya mara kwa mara. Sipigi wimbo wowote. Napiga nota moja moja, za chini kwanza, kwa ulaini uleule niliomwomba yule dada, nikitafuta ni wapi sauti inakwama. Wapigaji wengi husema gitaa la sprusi hufunguka kadiri linavyopigwa kwa miezi na miaka, na masikio yangu yanakubaliana nao, ingawa sehemu ya mabadiliko hayo naamini hutokea kwa mpigaji mwenyewe, anayejifunza ni wapi chombo chake kinapenda kuguswa.

Leo nota ya uzi wa nne kwenye freti ya pili ndiyo inayonipa raha. Inatoka kwa mguso mdogo kabisa na inadumu, na majirani zake wa pande zote mbili wanaifuata bila kupungua. Uzi wa sita umeinuka kidogo, milimita 2.8 juu ya freti ya 12, nami nataka 2.4. Kesho asubuhi nyuzi zikishatulia nitaupunguza mfupa wa daraja upande wa besi kwa milimita 0.8, kwani kupunguza darajani huonekana nusu yake tu kwenye freti ya 12, kisha nitamwita mwenyewe aje alisikilize.