Keisi nne za kompyuta zinazofanana, na milimita 12 zilizoniamulia

"Kaka, keisi ni boksi tu, chukua yenye taa." Hayo niliambiwa Kariakoo katika maduka matatu, mchana mmoja, na kila muuzaji aliyasema kwa kujiamini kabisa. Ningewasikiliza, leo ningekuwa na boksi linalowaka na kifuniko kisichofunga.

Nilikuwa nimebakiza nne, zote za bei ya kati, zote za matundu mbele na kioo ubavuni, zote zinapokea mazabodi (bodi kuu ya kompyuta) ya ukubwa wa ATX: Corsair 4000D Airflow, Fractal Design North, Lian Li Lancool 216 na be quiet! Pure Base 500DX. Kwenye picha ya simu, North utaijua kwa mbao zake za mbele. Nyingine tatu ni kama ndugu wa tumbo moja. Zinakoachana ni kwenye vipimo: urefu wa kadi ya picha, kimo cha kipozeo cha prosesa, na feni zinazokuja nazo.

Kadi haikunisumbua. Yangu ina milimita 323, na North inaruhusu 355, Corsair 360, be quiet! 369, Lancool 392. Ila ukipanga kufunga mbele rejeta ya kupoza kwa maji, toa 27 za unene wa rejeta kwanza. North itakuachia milimita 5, na hapo hata kidole hakipiti kuchomoa waya.

Kilichonitesa ni kipozeo. Natumia Noctua NH-D15, ambayo karatasi yake inasema milimita 165. Keisi yangu ya zamani, jina nalihifadhi, iliruhusu 170. Hesabu ya darasa la pili: zinabaki tano. Nikafunga kila kitu, nikapanga waya mpaka zikalala kama nywele zilizosukwa, nikaleta kioo. Hakikukaa. Nikabonyeza juu, kikabinuka chini. Nikalegeza skrubu za mazabodi nikidhani zimepanda, nikafungua tena, nikafunga tena. Nilikaa na bisibisi hadi saa nane usiku nikitafuta kosa kwenye keisi, kumbe kosa liko kwenye RAM, vile vijiti vya kumbukumbu.

Hiyo 165 ni ya kweli pale tu RAM isipozidi kimo cha milimita 32, kwa sababu feni ya mbele ya kipozeo inakaa juu ya RAM. Zangu zina mabati ya urembo, kimo 44. Feni ikapandishwa kwa tofauti hiyo, yaani 12, na kipozeo kikawa 177. Ndiyo maana sasa, kabla ya kununua keisi, nafunga kipozeo na RAM kwenye mazabodi ikiwa mezani, naweka rula bapa juu ya feni, kisha napima kutoka uso wa juu wa prosesa hadi kwenye rula. Usipime kutoka kwenye mazabodi, utajidanganya.

Kwa 177, Corsair na North zikaaga mashindano papo hapo, zote mwisho wake ni 170. Lancool inafika 180 na kidogo, be quiet! 190. Ningeweza kubadilisha RAM, au kutoa feni moja ya kipozeo na kuongeza joto kwa nyuzi chache tu. Lakini RAM nilishailipia.

Lancool ni keisi nzuri na feni zake mbili za mbele ni za milimita 160, zinavuta upepo mwingi bila kelele. Tatizo langu ni siku ambayo feni moja itakufa. Feni ya 160 sijawahi kuiona dukani kwetu, za 120 zimejaa, za 140 ukizunguka utazipata. Keisi inazikubali hizo ndogo pia, lakini basi umeshalipia kitu ambacho hutakitumia. Nikaenda na 500DX, yenye feni tatu za 140.

Niliagiza Dubai, na hapa ndipo najisifu. Mizigo ya ndege hutozwa kwa uzito halisi au kwa ujazo, kinachozidi ndicho unacholipa. Boksi la sentimita 55 kwa 30 kwa 53 ni sentimita za ujazo 87,450. Gawa kwa 6,000, kigawanyo cha wasafirishaji, unapata kilo 14.6, na wapo wanaogawa kwa 5,000, ikawa 17.5. Keisi yenyewe haifiki hata kilo 8. Maana yake unalipia hewa. Nikamwomba wakala afungue boksi, afunge pawa saplai mpya ndani kwa skrubu zake nne, na nafasi iliyobaki ajaze vitu vidogo vilivyoviringishwa kwa sponji. Uzito ukapanda hadi kilo 12 hivi, bei ya usafiri haikusogea hata shilingi. Kipozeo kizito usikisafirishe kikiwa kimefungwa kwenye mazabodi, kitaing'oa. Na ukikitoa kile kioo, kilaze juu ya mkeka au godoro: kinavumilia kupigwa bapa, lakini kona ikigusa taili kinasambaratika chote.

Kiwandani feni za 500DX hupangwa moja mbele, moja juu, moja nyuma. Yaani moja inaingiza, mbili zinatoa. Kwa vumbi la kwetu sikuupenda mpango huo, nikataka kuona kwa macho. Nilifunga madirisha, nikazima pangaboi, nikawasha kijiti cha udi na kukisogeza nyuma, kwenye vile vibati vya nafasi za kadi. Moshi uliingia ndani kama umeitwa. Pale hakuna chujio. Nikaihamisha feni ya juu mbele, ziwe mbili za kuingiza na moja ya kutoa, nikarudi na udi: moshi ukasukumwa nje. Fanya kwa sekunde chache tu, moshi wa udi una mafuta na mafuta hunasa vumbi. Na kwenye feni mpya tumia zile skrubu nene zenye ncha, hujichongea njia kwenye plastiki. Mara ya kwanza ni ngumu, usidhani umekosea.

Waya wa tundu la USB Type-C la mbele bado unaning'inia ndani, nimeufunga kwa tai ya plastiki. Mazabodi yangu haina tundu lake, na mimi mpima milimita sikulikagua.

Halafu ina taa, mbele kabisa, mistari miwili. Wale wa Kariakoo wasijue.